Mkanda wa Jina

Nilikuandikia jina mara moja tu, Batiste,
kwa kalamu nene juu ya mkanda mweupe,
nikaubandika kwenye kabati la kumi na tisa,
ambalo asubuhi ile lilikuwa bado na jasho la mwenzako.
Gundi ya jina lake ilinibaki kuchani.
Hukuuliza amekwenda wapi.
Uliuliza tu: "Orest, viatu vya barafu, saizi kumi na moja, mnavyo?"

Hapa Regina, mwezi wa Oktoba,
upepo hauna mlima wa kuubishia.
Ulikuja kutoka Opelousas, kwa watu wa pilipili na mvua ya uvuguvugu,
lakini hukuja moja kwa moja:
Toledo. Spokane.
Omaha miezi minne, uwanja wa ndani wenye kuta za sponji,
mshahara nusu hundi, nusu kuku wa kukaanga.
Shreveport timu ikafilisika ukiwa na povu kichwani,
maji ya bafu yakakatwa.
Tampa, siku tisa.
Hizo tisa ndizo mama yako anazozitaja kanisani.

Wahenga hawakukujua wewe.
Mgeni wao alikula siku mbili, ya tatu wakampa jembe.
Wewe ulipewa jembe begi likiwa begani,
na siku ya tatu ukaonyeshwa mlango.

Wasiojua husema kazi yako ni kukimbia.
Kazi yako ni kusimama.
Peke yako, mwisho kabisa wa uwanja, shingo juu,
yai la ngozi likijizungusha kwenye taa,
na wanaume kumi na wawili wanakujia
nawe huna ruhusa ya kuwatazama.
Ukiwatazama, mpira unakuponyoka.
Usipowatazama, basi.
Nilikusikia ukihesabu: moja, mbili, tatu.
Nne sikuwahi kuisikia.

Usiku ule dhidi ya Hamilton
uliudaka ukiwa umeshaegemea kushoto,
kama mtu anayepita mlango mwembamba na sinia la chai.
Wa kwanza akakumbatia upepo.
Wa pili akabaki na uzi wa jezi yako.
Kisha hapakuwa na wa tatu,
palikuwa na majani, mstari, majani, mstari,
na mimi, mtu wa miaka sitini na moja,
nakimbia pembeni nimebeba ndoo ya maji
namwaga yote, sijali.
Yadi mia moja na nne.

Halafu kitambaa cha rangi ya chungwa, chini,
mbali na njia yako, mbali mno:
kijana mmoja alimshika mwenziwe jezi bila sababu yoyote.
Mpira ukarudishwa yadi ya kumi na nane.
Katika vitabu vya ligi usiku ule hukukimbia.

Ulikaa kwenye benchi, ukafungua kamba za kiatu,
ukazifunga tena vilevile.

Jumatano ya pili yake goti likalia kama kijiti kikavu.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni, ndiyo,
lakini nani aliyepima sakafu yenyewe,
Toledo hadi hapa, kwa mabasi, na begi moja?
Ijumaa nikabandua jina lako.
Nililipwa kwa kubandua vilevile kama kwa kubandika.
Mkanda huo sikuutupa. Umezunguka chupa yangu ya kahawa,
herufi mbili za mwisho zimefutika,
mjukuu wangu anadhani ni jina la kahawa.

Jana ulipiga simu. Unatengeneza breki za mabasi ya shule.
Ulizungumza habari za mvua, za binti yako Odelia, za bei ya matairi,
ukazunguka, ukazunguka,
mpaka ukafika:
"Orest, ile ya Hamilton. Uliiona, sivyo?"

Nikasema, upepo ulikuwa wa magharibi.
Nikasema, ndoo ilibaki tupu.

Ukanyamaza. Kwenye simu nilisikia gari likipita barabarani kwenu,
na pumzi yako,
moja,
mbili.