Mkalimani

Kikorea sikijui. Hilo walilijua wote
waliolipa mia mbili mlangoni pa banda la Kintinku.
Nalilipwa kudanganya:
filamu inasema lake, nami kwenye kipaza sauti nasema langu,
mpishi namwita jambazi, daktari namwita shemeji,
watu wanacheka, jenereta inakohoa nje,
na vumbi la Septemba linapenya nyufa za mabati
likisimama kwenye mwanga wa projekta
kama watu wadogo wasio na miguu.

Diski ile haikuwa na jalada.
Utingo wa lori la alizeti aliiacha
kufidia deni la soda tatu.

Nyumba ya mbao. Theluji.
Theluji nikaiita magadi,
wauelewe weupe ule unaoua majani.
Mwanamume aliyekonda ameketi sakafuni
amesimamisha gotini chombo cha nyuzi mbili,
upinde unakwenda, unarudi,
na watoto wa mbele wakapiga kelele:
"Zeze! Wameiba zeze la Chidumizi!"

Chidumizi mwenyewe alikuwepo,
benchi la nyuma, kofia magotini.
Miaka sita hajapiga.
Zeze lake linaning'inia kwenye dari ya tembe
juu ya meko, linakula moshi,
tangu Mbeho, mdogo wake, mwitikiaji wake,
alipozama lamboni mwaka ule mvua ilipokata reli.

Kwenye filamu yule mtu alipiga,
na nyuma ya mlango wa karatasi
mwingine akaitikia.
Akaenda, akafungua. Mkeka mtupu.
Akarudi, akapiga.
Akaitikiwa, karibu zaidi.

Nikasogeza kipaza sauti niseme mzaha
(panya wa huko wamesoma muziki, ndio nilioutayarisha)
na kinywa changu kikasema:
"Kaka, uzi wa chini umeukaza mno."

Kwa Kigogo.
Mimi mzaliwa wa Same, nisiyejua Kigogo
zaidi ya mbukwa ya asubuhi.

Kicheko kilikatika safu moja baada ya nyingine,
kuanzia mbele, mpaka kikamfikia yeye
ambaye hakuwa anacheka.
Nilitaka kunyamaza. Niliuma ulimi, nikaonja damu,
na maneno yakapita pembeni ya meno:
"Maji ya lambo si baridi kama wanavyodhani.
Ni marefu tu.
Mkono wako mmoja ulinishika mimi.
Mwingine ulishika zeze.
Ukachoka. Si vibaya kuchoka.
Lakini uliachia mkono upi, kaka?
Waambie."

Jenereta ikazima.
Kiwambo kikafa, na mtu yule na theluji yake.
Sauti haikufa.
Gizani uzi ulivutwa, mrefu, mkavu,
upinde usiopakwa utomvu miaka mingi,
na ulitoka upande wetu, kwenye mabenchi,
mahali fulani kati ya mama muuza karanga
na mlango.

Tulipowasha tochi, Chidumizi hakuwepo.
Kofia yake ilikuwa palepale.
Ilikuwa inachuruzika maji.

Siku hizi anapiga.
Kila usiku, treni ya mizigo ikishapita,
anapiga mstari mmoja, halafu anakaa kimya
kiasi cha mstari mwingine,
na katika kimya hicho wanawake hufunga madirisha,
mbwa huangalia ukutani.

Nami banda nimeliacha, nauza vocha stesheni.
Silali upande wa dirisha.
Juzi kimya kilipofika
nilikuwa nakula, tonge mkononi,
nikahisi koo langu linakazwa taratibu
kama mtu anayetafuta sauti ya uzi,
na midomo yangu ikafunguka
kwa zamu yake.