Mkuu wa Kaya

Kigogo, bondeni. Nyumba ya kumi na nne kwenye orodha yangu.
Nilipiga hodi mbele ya pazia, maana mlango
ulikwenda na maji ya Aprili.
"Karibu. Mama yuko Ilala, anamenya viazi vya watu."
Mwajabu, miaka tisa, Shomari kiunoni
kama kanga iliyofungwa kwa haraka.

Kishikwambi kikadai mkuu wa kaya.
"Ni mimi," akasema, "mpaka saa mbili usiku."

Sakafu: udongo. Niliiona, sikuuliza.
Choo? "Cha kwa Mzee Kipande. Mia mbili. Shomari bure."
Milo kwa siku?
Akanitazama kama muuza duka anayeombwa mkopo.
"Inategemea uji unauitaje."

Hapakuwa na kisanduku cha jibu hilo.
Nikajaza mbili. Mungu anisamehe, au ofisi.

Ukutani, mistari ya tope,
na kando ya kila mmoja, kwa mkaa, mwaka.
"Huu ulinifika shingoni. Huu hapa, kifuani.
Wa juzi" (akajinyoosha, mtoto akateleza, akamdaka)
"maji ni yaleyale, ila kiunoni tu!"
Alisema kwa majivuno,
kama mwenzake aliyesimamishwa kwenye rula ya kliniki
akaambiwa umekua.

"Na Shomari?"
"Shomari hana mstari. Yeye huwekwa juu ya kabati,
na sufuria."

Nikatoka. Pembeni mwa pazia, X ya manispaa,
nyekundu, rangi imechuruzika mpaka chini.
Akanifuata hadi kizingitini.
"Mwalimu akikuwekea hii, umekosa.
Sisi tumekosa hesabu gani?"

Nikajifanya natafuta mtandao.
Mtandao haukamati bondeni.
Niliinua kishikwambi juu ya kichwa, nikazunguka
kama mjinga, kuku wawili wakinikimbia,
na yeye akingoja, kwa adabu, nimalize.

Nilikuwa nimesharuka mfereji,
moyoni nikipanga nyumba ya kumi na tano,
niliposikia:
"We kaka! Wee kaka! Hujauliza redio!
Wenzio wa mwaka juzi waliuliza."
Akaiinua juu, antena imefungwa waya.
"Tunayo! Betri ndiyo hatuna.
Lakini andika."

Nikasimama juani, nikarudi nyuma kurasa mbili.
Redio: ndiyo.