Swali la Kumi na Saba

Kijana wa fomu, kaa kwanza.
Kigoda hicho kina mguu mmoja mfupi, egemea ukuta.
Umeuliza: mvua ilipobadilika, kaya yako ilichukua hatua gani?
Na umeniachia mstari mmoja,
mfupi kuliko kamba ya mbuzi.

Andika basi: Yovita.

Mwaka ule mvua ya Novemba ilifika Januari,
ina haraka, kama mgeni aliyeacha gari linanguruma.
Mbegu tulikuwa tumeshaila.
Yovita Nyalusi akashuka kilima na nusu debe kichwani.
Hakusema nakukopesha. Alisema, "Haya yamenizidi."
Nami nilijua, naye alijua kwamba najua,
kuwa ukiita jina lako ghalani kwake
litakuitikia.

Usiandike kwamba tunapendana.
Kuku wake wamekula mchicha wangu miaka miwili
na kanisani tunakaa mabenchi tofauti.
Andika nusu debe.

Juni ikaja sakitu.
Tuliamka viazi vimeungua kwa baridi,
majani meusi, unayashika yanabaki mkononi.
Tukasema, bonde lipo. Tukashuka kwenye vinyungu.
Maji yalikuwa yamerudi nyuma,
mfereji una nyayo za ndege tu.

Juu kule, kwenye chemchemi, Odilo Kikoti alipanda milingoti.
Mlingoti haulali, kijana. Unakunywa usiku na mchana.
Mtendaji aliandika barua tatu, ya tatu ina muhuri.
Odilo alizisokotea tumbaku.

Agosti mama yake akafariki.

Tulikwenda wote na majembe.
Hata Kolumba, ambaye kinyungu chake kilikuwa vumbi,
alikuja na chepe la kuazima.
Tulichimba kwa zamu, wawili wawili.
Kiunoni, udongo mkavu.
Kifuani, mkavu,
pale pale ambapo tulipomzika mzee wake
tulichota tope kwa ndoo.
Hakuna aliyesema neno.
Kolumba alipanda juu, akaweka chepe miguuni pa Odilo,
akakung'uta viatu.
Odilo alilitazama lile chepe
kama mtu anayesoma barua ya nne.

Matanga yalipokwisha tulisikia shoka.
Siku ya kwanza tulisikiliza tu.
Siku ya pili tukaenda kubeba magogo.
Ulanzi msimu wake ulikuwa umepita,
tukanywa komoni, na wala si nzuri.

Maji? Yalirudi mwaka uliofuata, kina cha kidole.
Kidole changu, si chako.
Tunagawana kwa zamu: Jumatatu ya kwa Luhwago,
Jumanne yangu, na Alhamisi ni ya mwenye mgonjwa,
yeyote atakayekuwa naye wiki hiyo.
Hiyo hatukuiandika popote.
Wiki moja wagonjwa walikuwa watano. Tuligombana.

Na hili nalo liandike, maana hujaliuliza:
Enelesi Sanga alihamia kutoka Makete na watoto wawili,
akapanga nyuma ya mashine ya kusaga.
Hakuwa na wa kumpelekea debe,
hakuwa na msiba wa kutukusanya.
Walilala njaa karibu mwezi, hatua mia kutoka hapa,
nasi tulikuwa tukimsalimia kila asubuhi.
Sasa ana Jumamosi yake bondeni.
Ila ule mwezi upo.
Mimi nauona kila ninapopita mashine.

Mvua yenyewe haijarudi kuwa ile.
Mwaka huu nimepanda mara mbili,
na mbegu ya mara ya pili si yangu.

Mstari wako umejaa? Geuza karatasi,
nyuma ni peupe.

Ukitoka hapa utashukia bondeni, kwenye wengine.
Anza na "kamwene", kalamu ikae mfukoni.
Watakuuliza wewe ni mtoto wa nani,
na mama yako kazaliwa wapi.
Usikasirike, usiseme haihusiani na utafiti.
Hilo ndilo swali la fomu yetu.
Hatuna jingine.