Kituo cha Tatu

Kijito chetu hakimo kwenye ramani ya wilaya.
Mama alikiita "kule chini", basi,
nasi tukalirithi jina hilo pamoja na shamba,
pamoja na baridi ya Isongole
inayouma vidole hadi saa nne asubuhi.

Jumamosi hiyo Tumpale alishuka na bakuli la enameli,
lile lenye waridi lililobanduka,
penseli, daftari la mistari,
na kazi ya Mwalimu Mwaisumo:
geuza jiwe, hesabu wanaoishi chini yake,
kisha rudisha jiwe kama ulivyolikuta,
maana kwa mwenzio hilo ni bati.

Nikamfuata kwa kuwa mawe yanateleza.
Kwa kuwa, niseme kweli, viazi nilishavipiga dawa
na sikuwa na la kufanya.

Penye chemchemi, chini ya mianzi ya marehemu bibi yake,
jiwe la kwanza lilikuwa soko siku ya gulio.
Kaa mdogo wa kijivu, gando juu, akitaka ugomvi;
buu la kereng'ende, uso wa mzee aliyedhulumiwa mpaka;
kidudu bapa chenye mikia mitatu, myembamba kama uzi,
na ubavuni vijani vinavyopepea, vinavyopepea
("Anapumua, Baba. Mapafu yake kayavaa nje.")
na fundi mmoja, sijui alisomea wapi,
kajijengea nyumba ya changarawe punje kwa punje
na anaiburuta popote aendapo
kama asiyemwamini jirani.
Kumi na moja, akaandika. Aina, siyo idadi.
Miaka arobaini na mitatu nimekunywa hapa
na sikuwahi kupiga hodi.

Kwenye kivuko cha ng'ombe: sita.
Kaa hakuwepo.
Chura aliruka, akatuachia mkojo kiganjani.

Kituo cha tatu ni pale nioshapo pampu.
Pana jiwe zuri, pana, la kukalia;
kando yake vifuniko vya buluu, na kichupa chenye fuvu
nilichokuwa nimekisahau.
Akageuza jiwe. Akageuza la pili. La nne.
Maji yalikuwa maangavu kabisa,
safi kama sakafu ya nyumba isiyo na watoto.
Ruba mmoja. Vijibuu vyekundu vikijinyonganyonga topeni.
Akasubiri, pua karibu iguse maji,
kama mtu aliyebisha na bado anangoja.

Hakunisema. Afadhali angenisema.
Aliuliza tu: "Kila kituo kinatakiwa jina.
Hapa tupaiteje?"
Nikajifanya nakohoa.

Ubavuni mwa tangi la kijiji wameandika kwa rangi
MAJI NI UHAI.
Nimelipita mara ngapi, ndoo begani,
nikidhani ni uhai wetu sisi.

Usiku, kwa taa ya sola, nilifungua daftari.
Chemchemini: kumi na moja.
Kivukoni: sita.
Kwa Baba: wawili.
Mwandiko mzuri. Herufi zimesimama wima, hakuna kosa.

Siku hizi naoshea pampu juu shambani, penye shimo,
maji nikiyapandisha kwa ndoo.
Mgongo unalalamika. Ambakisye, jirani yangu,
anauliza kama nimeokoka.
Sijamjibu. Kijito hiki humwagikia Kiwira,
Kiwira huteremka hadi Nyasa,
na sijui huko chini wananiita nani.

Jana mvua ilipokatika nilishuka peke yangu
nikageuza jiwe langu.
Kitu kilitikisika. Mkia, au unyuzi wa mzizi,
au jicho tu likijitakia.
Sikuwa na bakuli. Sikuhesabu.
Nikalirudisha polepole, kwa mikono miwili,
upande ule ule,
bati juu.