Kamba za Viatu

Muuguzi Danguolė haulizi jina.
Anavuta droo, anatoa bahasha ileile ya kaki,
anaikata tarehe ya Oktoba kwa mstari mmoja,
anaandika ya leo chini yake
kwa mwandiko wa mtu anayejaza daftari la maziwa.
Gvidas ameshainama.
Anazichomoa kamba tundu kwa tundu,
kushoto, kisha kulia,
bila kuambiwa,
kama anayevua viatu mlangoni kwao.

Hicho ndicho kilichonikata. Kilio ningekizoea.
Ni huo ujuzi wa vidole.

Ana miaka kumi na sita.
Mara ya kwanza tulikuja na gari la wagonjwa,
Jolita, mama yake, pekupeku kwenye theluji.
Mara ya pili, teksi; dereva alipunguza redio, hakusema neno.
Leo nimeendesha mwenyewe kutoka Kuršėnai,
nikasimama kwenye kila taa nyekundu
usiku wa manane, barabara tupu,
maana sikujua ni jambo gani jingine
ningeweza kulifanya sawasawa.

Siku kumi na tisa alikaa nyumbani.
Nilizihesabu kwa vidonge.
Vilikuwa vikipungua vizuri kisandukuni,
kumbe vinahamia mfukoni mwa koti la kiangazi
ambalo hakuna mtu angeligusa Novemba.
“Vinanilaza kwenye somo la hesabu, baba.
Nikiamka, darasa ni tupu na taa zimezimwa.”
Nilikuwa na jibu. Nimelisahau.

Karatasi ya ruhusa ilisema: kliniki, wiki ya sita.
Ugonjwa haukuisoma.
Ulikuja wiki ya tatu, Jumanne,
ukamkuta anaosha vyombo,
ukamnong'oneza kwamba sahani zinamteta.

Alipolazwa Oktoba, jirani yetu Valdemaras aliniuliza kijana yuko wapi.
Nikamwambia yuko Telšiai, kwa bibi yake.
Bibi alifariki mwaka juzi.
Valdemaras alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.
Aliitikia kwa kichwa, akarudi kuparua theluji,
akaparua na ya mlangoni kwangu.

Ukumbi wa wodi una meza yenye picha ya kuunga,
kinu cha upepo, vipande elfu moja.
Gvidas aliiacha ikiwa haina mbingu.
Sasa mbingu imefika nusu.
Binti mwenye nywele za kijani hana usingizi;
ananyanyua kichwa. Ni Miglė.
Walitoka wiki moja, yeye na mwanangu,
wakapeana mikono pale getini kama wazee wa ofisi
wanaostaafu.
“Nimekubakizia mawingu,” anamwambia. “Mimi siyawezi.”

Na mwanangu akatabasamu.

Siku kumi na tisa nilimpikia supu ya kiazisukari,
nikanunua balbu zenye mwanga wa njano,
nikazuia mlango usigongwe kwa nguvu,
nikatembea nyumbani mwangu kama mwizi;
na tabasamu limekuja kutolewa hapa,
chini ya taa ya mrija inayotetemeka,
kwa mtoto wa watu.
Niliona wivu. Naandika ukweli: wivu.
Halafu, kwa kuchelewa, shukrani.

Danguolė anailamba bahasha, anaibana kwa kidole gumba.
Chini ya tarehe ya leo pamebaki nafasi,
ya mistari miwili, labda mitatu ukibana herufi.
Nilitaka kumwomba bahasha mpya.
Mdomo ukafunguka, nikasikia unauliza
simu ya kliniki inapokelewa saa ngapi.
“Saa mbili,” alisema. “Lakini piga saa mbili kasoro.
Rudia mpaka wachoke.”

Sasa ni saa tisa usiku.
Niko garini, kioo kimeganda kwa ndani.
Mwanangu kule juu anatembea ukumbini,
viatu vikiwa wazi midomo,
akiburuta nyayo ili visimtoke.
Sijawasha injini.
Namba nimeiandika kiganjani, kwa kalamu ya Danguolė,
ambayo nimeondoka nayo kwa bahati mbaya.
Itanibidi niirudishe.