Chini ya Pijo

Fundi Ngumbao hataki kusikia habari za rangi.
Nimemwambia krimu, kama alivyoinunua marehemu baba,
na redio ile ya vitufe vitano.
"Rangi ni ya kupigia picha," anasema. "Lala hapa."
Nikalala, mimi mwalimu wa hesabu,
mgongo juu ya katoni, uso chini ya tumbo la gari,
Pijo mia tano na nne, rika langu.

Kwanza bushi. Zimekauka,
zinamung'unyika kidoleni kama ladu la juzi.
Halafu shokomzoba: mbili zinalia mafuta,
mbili zimekwisha kulia.
Halafu fimbo hii, nene kama kidole gumba,
inayokatiza mbele toka gurudumu hadi gurudumu.
"Stebilaiza. Kazi yake ni moja,
kumkumbusha wa kushoto kwamba wa kulia anaelemewa."

Mimi nataka nene zaidi.
Nimeiona kwa Sinyori Ottavio, kule Casuarina,
kwenye Alfa yake nyekundu, na bushi za plastiki ngumu.
Kona anaikata kama mkasi kwenye leso mpya.
"Hainami hata kidogo," aliniambia,
na Kiswahili chake nacho hakiinami.

Ngumbao anafuta mikono kwa gazeti.
"Huyo anakwenda wapi? Lami tu, nyumbani na kwa rafiki.
Wewe kila Jumamosi Jilore, na bimkubwa kiti cha mbele.
Ukiwafunga hawa wawili kwa fimbo nene,
shimo la mmoja ni shimo la wote.
Mama atahesabu mawe hadi mwisho wa safari."

Nikatoa kalamu, nisishindwe kirahisi.
Milimita ishirini na tatu, tuseme ishirini na tano:
mbili tu, lakini ugumu huenda kwa kipeo cha nne,
kwa hiyo si mbili, ni karibu asilimia arobaini.
Nikaitazama hesabu yangu mwenyewe ikinigeuka.

Akafungua linki, akanituma hadi Ganda bila fimbo.
Kwenye mashimo, raha: gari likaelea.
Kwenye kona likalala ubavu
kama mtu anayetaka kumnong'oneza jirani,
chupa ya ukwaju ikabingirika mlango hadi mlango,
moyo wangu nao nyuma ya chupa.
Nikarudi. Sikusema kitu. Akafunga linki.

Ndipo tochi yake ilipokwama kwenye mkono wa kulia.
Mshono wa welding, mzito, wenye mikunjo midogomidogo
kama ukingo wa sambusa.
"Huu si wangu," alisema. "Wala si wa mtu wa Malindi.
Huu ni wa Komora wa Garsen. Hufunga hivi, huyu peke yake.
Mzee aligonga kitu huko. Kitu kikubwa."
Garsen? Baba hakuwa na shughuli Garsen.
Baba alikuwa na daftari la safari, kilomita kwa kilomita,
na nimelisoma lote.

Tukaafikiana hivi:
shokomzoba nne mpya, za gesi,
bushi za mpira, mpira wa kweli,
springi zibaki, fimbo ibaki ileile, isuguliwe kutu.
"Na mkono huu, nikutafutie mwingine?"
Akaugonga kwa spana. Ukalia wazi, kama sahani nzima.
Nikamwambia auache.

Jumamosi, kona ya Ganda,
gari likainama kidogo, kiasi cha adabu, likasimama.
Chupa haikutoka mahali pake.
Nikamweleza mama habari za mshono, taratibu,
macho yangu barabarani.
Alinyamaza muda mrefu. Tukapita shule, tukapita kinu.
Akafungua dirisha, akaufunga vizuri mtandio wake.
"Mwaka ule aliniambia yuko Kilifi," alisema.
"Akarudi na kapu la embe.
Nilizila zote, na kila niliyoila nikasema moyoni:
Kilifi hakuna embe tamu namna hii."