Uzito wa Birika

Daktari alisema usinyanyue kitu
kizito kuliko birika la chai.
Wiki sita.
Sikumwuliza birika la nani.
La kwangu, lile jeusi la masizi,
hunywesha msiba mzima na wachimba kaburi.

Kidole tumbo kilipasuka Jumanne
nikiwa na dumu la mawese kichwani,
kwenye mwinuko wa kupandia Mwanga.
Lita ishirini, na sikumwaga hata tone.
Nilichuchumaa polepole, nikalitua,
nikakaza kifuniko,
ndipo nikaanguka.

Maweni, wodi nzima ilisubiri upepo wangu.
"Mama, umeshatoa upepo?" Sista Laurensia,
asubuhi na mchana, kwa sauti ya kunadi dagaa.
Bila upepo hakuna uji.
Mama mkwe alikuwa amekalia ndoo
akitazama dirisha kama vile ndilo lililoulizwa.
Siku ya tatu, usiku, ukatoka,
mdogo, kama mlango wa jirani mwenye adabu.
Nikanyamaza. Nife njaa, lakini nisiseme.
Yeye ndiye aliyeinuka,
akafunga kanga yake vizuri,
akamfuata sista mezani kwake:
"Tayari."
Neno moja.
Miaka kumi na minne ya ndoa
hakuwahi kunisemea hata hilo.

Nyumbani sasa ni mgeni asiyeaga.
Ugali wa muhogo unasongwa na mkono usio wangu,
una madonge, nayameza na madonge yake.
Maji yanaletwa na mume wangu, ndoo moja moja,
anamwaga nusu njiani
na watoto wa mtaa wanahesabu.
Kikohozi kikija nakumbatia mto.
Mwavita akija, naukumbatia kabla hajaketi,
maana ana habari zote za Ujiji
na hana huruma:
"Usinichekeshe, Mwavita, nyuzi bado changa."
"Basi sikwambii alivyokimbia bwana harusi."
Kisha ananiambia.

Nimeutazama mshono kwenye kioo cha kunyolea.
Nilidhani utakuwa na heshima fulani.
Ni gunia la dagaa lililoshonwa na mtu
aliyesikia treni ikipiga honi:
hatua ndefu, hatua fupi, fundo.
Lakini limefungwa.
Hakuna kilichomwagika.

Kizito hajui hesabu ya wiki.
Ananyoosha mikono: "Beba."
Ana kilo kumi na tatu, nilimpima kliniki.
"Mama ana kidonda."
"Beba."
Siku ya kwanza alilia, nami nikageukia ukutani.
Siku ya pili nikakaa chini, kwenye mkeka,
miguu nimenyoosha,
akanipanda mwenyewe, goti, paja, bega,
akafika,
akanishika masikio kama mpanda baiskeli.

Wiki ya nne nimekwenda hadi sokoni, mikono mitupu.
Kichwa hakina kitu
na shingo haijapata taarifa,
imesimama wima, inasubiri mzigo.
Watu wananisalimu wakiangalia juu ya utosi wangu.
Mmoja akauliza, "Umeibiwa?"
Nilirudi nikipumzika kila penye kivuli,
hatua fupi, mkono tumboni,
kama mtu anayeficha pesa.

Dumu lile bado liko pembeni ya mlango.
Mume wangu alilifuata siku ileile
kabla hajanifuata mimi hospitali,
hili tutalizungumza nikipona.
Mawese yameganda juu, rangi ya chungwa.
Leo nimeliburuta juani kwa mguu,
nikangoja yalainike,
nikaliinamisha tu, sikulinyanyua,
daktari hakusema lolote juu ya kuinamisha.
Kikombe kimoja. Cha pili.
Nikayapanga kizingitini, nikakaa nyuma yake.

Mteja wa kwanza akainua kikombe,
akakitazama dhidi ya mwanga, akaguna:
"Kipimo chako kimepungua, mama."
Nikacheka.
Nikashika tumbo, nikacheka tena,
nikamwongezea kijiko.